Hata Ugonjwa Wangu Amenipokonya

Nyumba ya kona, chumba cha juu,
Nyuma ya kituo cha zimamoto.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa, goti lako limenyooshwa juu ya kigoda kama ulivyoagizwa, na si umesimama jikoni unajifanya binti. Hujambo lakini? Ile dawa mpya imekupatia usingizi, au bado unageukageuka kitandani? Na wajukuu, wameacha kukuficha miwani?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Presha ya Mama imetulia, ingawa mwenyewe Mama hajatulia. Bati la barazani lililokuwa likivuja limezibwa. Aliyeliziba ni Chuma, na nitafika kwake sasa hivi, maana siku hizi mazungumzo yoyote ya nyumba hii, hata ya bati, lazima yaishie kwa Chuma.

Mimi ni mzima kwa kipimo changu. Kipimo changu unakijua kuliko mtu yeyote, wewe uliyekuwa ukikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha wodini, unanikanda miguu huku unanidanganya kwamba kesho tutakwenda kuogelea.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama hukaa pembeni akidakia kila neno, na haya ninayotaka kukwambia hayasemeki Mama akiwa pembeni. Kwa hiyo nakuomba, ukishaisoma, ibaki kwako. Shangazi, nina wivu. Nimelitafuta neno jingine la heshima zaidi nimelikosa. Nimemwonea wivu mdogo wangu mpaka chakula kikanishinda.

Ilianza hivi. Chuma amepata mchumba, hilo Mama ameshakusimulia. Ni mwalimu wa chekechea, mwembamba, mpole wa sauti, lakini akikwambia kaa, unakaa. Hapa nyumbani tunamwita Mwalimu tu. Mwalimu ndiye aliyesema kabla ya harusi wapime damu wote wawili, kwa sababu alijua mimi nina selimundu, na alijua ugonjwa huu mtoto huupata akirithishwa na baba na mama kwa pamoja. Chuma alicheka. Si unamjua. Mtu wa mpira kila Jumamosi, fundi wa viyoyozi anayepanda ngazi za maghorofa na mzigo begani, tangu azaliwe hajalazwa hata kwa homa. Jina lenyewe la Chuma tulimpa kwa sababu hiyo. Utotoni hakupimwa kwa kuwa wakati ule alipimwa anayeumwa, na aliyeumwa nilikuwa mimi. Basi akaenda kupima ili kumfurahisha mchumba.

Majibu yakarudi kwamba Chuma ana selimundu. Si kwamba ameibeba tu, Shangazi, kama walivyoibeba marehemu Baba na Mama bila kujua. Anayo kamili, kama yangu.

Daktari wetu wa damu, yule mrefu anayeinama mlangoni, alidhani maabara wamechanganya vichupa. Akamtoa damu nyingine kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka maabara mwenyewe. Jibu likawa lilelile.

Siku ya kuitwa kupewa maelezo nilimsindikiza. Alikuwa amepauka, kanishika kiwiko kama tunavuka barabara kubwa. Nilimhurumia kwelikweli. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia: anywe maji mengi, atembee na sweta, asishindane na baridi, asisubiri maumivu yapande ndipo anywe dawa. Nilikuwa tayari kumpokea. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwamba nilimfungulia mlango, naye akapita moja kwa moja mpaka chumba cha wageni wa heshima ambacho mimi sijawahi kukaribishwa.

Maana Daktari hakuwa na uso wa kutoa habari mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Akamvutia Chuma kiti. Miaka yote ninayotibiwa na mtu yule, kiti najivutia mwenyewe.

Alitueleza taratibu, nami nakupa nilivyoelewa. Mtoto akiwa tumboni huwa na damu ya aina yake. Akishazaliwa, mwili unaifunga ile kidogo kidogo na kuanza kutengeneza ya kikubwa. Kwetu sisi wenye ugonjwa huu, hiyo ya kikubwa ndiyo yenye kasoro. Chembe zake hujipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na pale zilipokwama ndipo mtu anapolia. Ndiyo sababu hata mimi, ukikumbuka, nilikuwa kichanga mnene mwenye kicheko, mateso yakaja baadaye. Sasa mwili wa Chuma haukuifunga ile ya kwanza. Umesahau. Unaendelea kuitengeneza mpaka leo, na ndevu zake zote zile, na hiyo ndiyo inayozizuia zile mbovu zisijipinde.

Akasema watu wa namna hiyo wamejulikana zamani, na kwamba huko kwenye nchi zenye uwezo wameshaanza kuwatibu wagonjwa kwa kuufanya mwili uifungue upya ile damu ya kitoto. Tiba yenyewe ni nzito, ya kulazwa muda mrefu, na gharama yake hata kuitamka ni aibu. Wanachotafuta watafiti sasa ni njia nyepesi, ikiwezekana kidonge. Na sababu zinazojulikana za mwili kusahau hivyo, kwa Chuma hawakuona hata moja. Yeye ana sababu yake peke yake ambayo bado haijulikani.

Nikasema basi ni kweli nilichokuwa nikisema siku zote, huyu hajakua. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesema kweli.

Nifikirie, Shangazi. Nilikosa nusu ya masomo kwa kulala wodini. Nyonga yangu ya kushoto imeharibika, natembea kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili. Yule kijana wa posta aliyetaka kunioa aliaga kwa heshima zote baada ya kuniona siku moja nimeshikwa na maumivu. Aliaga kwa upole hata sikuweza kumchukia vizuri. Nikatafuta kazi ya kukaa, nikaipata hapa kwenye duka la fremu, nafunga vioo picha za harusi za watu na vyeti vya watu. Kitu kimoja tu katika nyumba yetu kilikuwa changu peke yangu, nacho ni huu ugonjwa. Sikuupenda, lakini nilikuwa ndiye mwenyewe. Mama akizungumza na watu kuhusu subira, alikuwa akinizungumzia mimi. Sasa Chuma naye anao, tena yeye haumuumi, na ndiye anayepewa pongezi. Hata ugonjwa wangu amenipokonya.

Mama ndiye aliyeharibu zaidi. Alimweleza jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na muuza maji, kwamba damu ya mwanawe inatafutwa na maprofesa. Chuma akiingia, Mama anampisha kwenye kiti chenye mto. Siku tuliyokwenda naye hospitali alimuuliza Daktari kwa nini wasimtoe Chuma hiyo damu nzuri wakanitia mimi. Daktari akamjibu kwa adabu kwamba kasoro bado imo ndani ya Chuma, imefunikwa tu, na mgonjwa hawezi kumpa mgonjwa mwenzake. Mama aliinamisha kichwa. Nilimwona, na kwa dakika ile niliusahau wivu. Kisha tukiwa njiani akasema la muhimu Chuma asijichoshe, na ukanirudia wote.

Kliniki nako yamegeuka. Pale mimi ni mwenyeji. Wauguzi wananijua, mfagiaji ananijua, hata paka wa pale getini ananijua. Siku moja nimeingia, muuguzi mgeni akauliza mimi ni nani, na yule wa zamani, niliyemtilia fremu picha ya mahafali ya mwanawe, akamjibu: “Huyu ni dada yake Chuma.”

Halafu akaja Profesa. Ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, anaongea haraka kama mtu anayewahi lifti. Watu wa utafiti ndio waliomwita. Alimpima Chuma kila mahali pa kupimika. Mimi aliniomba damu kidogo na ruhusa ya kupiga picha chembe zangu kwenye hadubini, jina langu lisiandikwe. Nikakubali kwa sababu aliniuliza vizuri.

Sikujua picha hiyo ingenifuata kazini. Karani wa utafiti alileta bango dukani litiwe fremu, wala hakujua mimi ni nani. Lilikuwa na picha mbili kubwa za duara. Ya kushoto ina chembe zilizopindapinda, chini yake imeandikwa “Mgonjwa wa kawaida.” Ya kulia ina chembe za mviringo, nzuri, zimejipanga kama vifungo vipya, chini yake imeandikwa “Kisa cha pekee.” Nikasimama pale na kipimo mkononi. Bosi wangu, ambaye hajui lolote kuhusu damu, akaja kuchungulia begani kwangu, akatazama kwa muda, akasema hizi za kushoto angalau zina umbo, hizi nyingine zimekaa kama hazina habari.

Shangazi, nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikachagua mbao pana kuliko zilizoagizwa, nikazipanga ubao wa chini uyafunike maandishi yote mawili, nikapigilia misumari, nikasafisha kioo. Karani alikuja akalichukua, akasifu kazi. Bango limetundikwa kwenye korido ya hospitali mpaka leo, na hakuna anayeweza kusoma nani wa kawaida na nani wa pekee.

Baada ya hapo Profesa akanihitaji tena, na safari hii haikuwa damu ya mkononi. Alitaka uboho kutoka kwenye mfupa wa nyonga, wangu na wa Chuma. Alinieleza kwamba damu ya Chuma peke yake haiwezi kumwambia mengi. Sisi ni baba mmoja mama mmoja, ugonjwa ni mmoja, ila mwili wa mmoja umefunga na wa mwingine haukufunga. Kinachotafutwa kiko katika tofauti yetu, na tofauti haionekani ukiwa na mtu mmoja. Chuma akakubali hapohapo. Mimi nikasema nina kazi nyingi dukani.

Sikuwa na kazi nyingi. Nilisema moyoni, hawa wametafuna sehemu tamu na sasa wananiletea mimi sindano. Mama alinifokea, Chuma hakusema neno, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonikera.

Ikaja siku ya mkutano wa madaktari. Ukumbi mkubwa, viti vya kuzama, Chuma kavaa koti la marehemu Baba na linamkaa kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Mimi na Mama tuliwekwa mstari wa mbele. Profesa alionyesha michoro yake, kisha akamwita Chuma aeleze maisha yake kwa maneno yake. Alikuwa mzuri, Shangazi, siwezi kumnyima. Alisimama kama mtu aliyezoea. Akawachekesha. Mtu mmoja akamuuliza kama kweli hajawahi kuumwa na mifupa, akajibu kwamba maumivu anayajua kwa kuyatazama tu.

Wakati huo yalikuwa yameshanianza. Ukumbi ule ulikuwa baridi ajabu, nami sweta niliiacha nyumbani kwa sababu nilitaka nguo yangu ionekane. Yalianzia kwenye muundi, yakapanda gotini, yakaingia kiunoni na kutulia pale kama mwenye nyumba. Niliapa sitaharibu siku ya mtu. Sikutaka ije isemwe kwamba nilifanya makusudi. Na mimi, unakumbuka, yakinizidi huwa sipigi kelele, huwa nakuwa na adabu kupita kiasi. Nikamgeukia mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu, nikamtabasamia. Nikamtabasamia na mama wa upande wa pili.

Chuma akakatisha maneno katikati. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake ileile ya kazini, “Naomba rimoti ya kiyoyozi.”

Watu wakatazamana. Wengine wakadhani ni mzaha mwingine. Rimoti haikuonekana, basi akateremka jukwaani, akaenda ukutani, akafungua kifuniko cha kiyoyozi na kukizima kwa mkono. Kisha akaja kwangu, akavua koti la Baba akanifunika, akaniinua. Daktari wetu alikuwa ameshafika na kiti cha magurudumu, lakini Chuma hakukisubiri. Alinibeba. Nikiwa juu ya bega lake, meno nimeyauma, nikamsikia mtu nyuma akisema, mtazame anavyompenda dada yake. Hebu niambie. Anayeumia ni mimi, na sifa amezipata mbebaji.

Nililazwa. Walinitundikia dripu na kunipa dawa ya kweli, na kesho yake mchana yakawa yameshuka kiasi cha kuniruhusu kugombana na watu. Chuma akaja bila Mama. Hilo peke yake lilinishtua. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kukunjakunja pindo la shuka kwa vidole. Nilidhani amekuja kunisimulia jinsi walivyompigia makofi.

Akasema, “Mwalimu ameibeba.”

Nilichelewa kuelewa. Akanieleza kwamba majibu ya Mwalimu yalitoka siku moja na yake, ila katika kelele zile za Chuma na damu yake ya ajabu hakuna aliyeuliza ya Mwalimu. Wao wawili wakakaa nayo kimya. Kwa kuwa yeye anayo kamili na mchumba wake ameibeba, kila mtoto watakayempata, ni kama kurusha sarafu juu: huenda akawa nayo kamili. Na kule kusahau kwa mwili wake, Profesa hawezi kumwahidi kama mtoto atairithi hali hiyo. Huenda ndiyo, huenda hapana. Ndicho wanachokitafuta kwenye uboho.

Nilikuwa nimemtazama mtu huyu muda wote ule akipongezwa, na sikuwa nimemwona.

“Dada,” akasema, “nina swali, na usinijibu ili kunifurahisha.”

“Sijawahi kukufurahisha kwa makusudi.”

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamtoka usoni. “Mtoto wangu akitoka kama wewe. Siyo kama mimi, kama wewe. Hayo maisha yako, ungeambiwa uyachukue tena au uyaache, ungeyachukua?”

Shangazi, ukumbi ule wote, wale wenye michoro na wale wenye kalamu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata Mama hajawahi. Na nikwambie lililonipitia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema nisingeyachukua, na harusi ingekwisha palepale kitandani, na Chuma angejua, walau mara moja, ladha ya kunyimwa kitu kwa sababu ya damu. Nililishika lile neno. Lilikuwa na uzito mzuri, na kwa muda ule mfupi kila kitu cha Chuma kilikuwa mkononi mwangu.

Lakini alikuwa ameniuliza mimi. Hakumuuliza Profesa. Nikaona aibu kumdanganya mtu aliyenijia na swali la kweli, nikalazimika kulifikiria. Nikafikiria harufu ya mbao dukani asubuhi. Nikamfikiria Bosi na chembe zenye umbo. Nikakufikiria wewe na safari zetu za kuogelea ambazo hatukwenda, na jinsi nilivyokuwa nikizisubiri hata nilipokwisha jua ni uongo. Nikafikiria ile asubuhi maumivu yakishaondoka, unapoteremsha mguu kitandani, sakafu inakushika, na unasimama katikati ya chumba bila sababu, umefurahi tu kwamba umesimama. Chuma hataijua asubuhi hiyo. Hicho hana, na hawezi kunipokonya.

“Ningeyachukua,” nikamwambia. “Ila ningelalamika zaidi. Safari hii nilikuwa mpole mno.”

Akaweka kichwa pembeni mwa mkono wangu wenye sindano, akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu asiye na mazoezi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuzia ukutani kwa heshima. Mimi nikampapasa kichwa, nikamwambia amwite Profesa aje na sindano yake.

Usifikiri nimekuwa malaika. Nilikubali kwa sababu ya huyo mtoto ambaye hajaja, ambaye huenda akaja na damu yangu badala ya ya baba yake. Nilipopata nguvu walinitoa uboho. Wanakuchoma ganzi, lakini ganzi haifiki ndani kabisa kwenye mfupa, na pale wanapovuta unasikia kama mtu anakunyonya roho kwa mrija. Daktari aliniambia kwa siri kwamba Chuma, kwake ilipofika hapo, alizimia. Taarifa hiyo ilinisaidia kuliko ganzi. Mimi sikuzimia. Profesa akasema ninavumilia kwa namna ya ajabu, nikamwomba aseme tena kwa sauti kwa sababu Chuma alikuwa amesimama mlangoni.

Profesa amesema tusitarajie majibu ya haraka. Kazi hii ni ya miaka, na inawezekana kabisa isizae kitu. Mwalimu alikuja kuniona nikiwa bado wodini, akakaa kitandani kwangu bila kuuliza, akasema harusi ipo, na mtoto akijaliwa wataanza kumpima na kumtibu tangu akiwa mchanga, si kungoja alie kama tulivyongojwa sisi. Kisha akaniomba nimfundishe. Akataka nimwonyeshe jinsi ya kukanda miguu, maji kiasi gani, dalili ipi inatangulia ipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali. Nilijisikia mtu mkubwa. Chuma akadakia neno, Mwalimu akamwambia, “Wewe subiri, hujui.” Nimempenda sana huyu binti, Shangazi.

Mama bado hajaambiwa kuhusu damu ya Mwalimu. Wanataka kumwambia wenyewe, kwa wakati wao. Ndiyo maana nimekuomba barua ibaki kwako.

Kuhusu wivu, usitegemee nikuandikie kwamba umekwisha. Jumamosi nilimtazama kutoka dirishani akirudi mpirani, kalowa jasho, anapanda ngazi mbilimbili huku anapiga mluzi, nikatamani ateleze kidogo tu. Wakimwita tena kwenye mkutano nitakwenda, na nitaudhika, na nitavaa sweta.

Nisalimie kaka zangu wote wawili, Dereva na Mkimya; huyo Mkimya mwambie salamu zake za mwaka jana nilizipata. Wajukuu uwabusu, na aliyeficha miwani umfinye kidogo kwa niaba yangu. Jirani yako yule anayekupikia siku goti likigoma, mwambie huku kuna watu wanaomshukuru bila kumjua. Mama anakusalimu sana, ingawa anadhani nimekuandikia kuhusu bati.

Mungu akutunze, Shangazi, akunyooshee goti na akuweke mpaka tuonane. Na mimi niombee jambo moja. Wakiipata hiyo dawa, na huyo mtoto akaja nayo damu yetu mbaya, akanywa kidonge chake na chai asubuhi, akatoka mbio kwenda kucheza kwenye baridi bila sweta wala hofu, hajui hata kwamba kuna kitu amekiepuka, nitamwonea wivu, najijua, kuliko nilivyowahi kumwonea baba yake. Niombee umri. Nataka niwepo, nimekaa hapa dirishani, nikimwonea.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila chembe ya wivu,

Fundi Fremu